Namna ya kuchagua kipima muda cha pamoja kwa vikao vya moja kwa moja

Vipima muda vya bure vimejaa kwenye intaneti, na karibu vyote vinajua kuhesabu kutoka dakika ishirini hadi sifuri. Usipoteze jioni nzima ukilinganisha maumbo ya namba na rangi za mandhari. Kazi yangu ni kutunza muda kwenye makongamano na vikao vya mseto, vile ambavyo baadhi ya watu wako ukumbini na wengine wanafuatilia kwa mtandao, na swali langu la kwanza kwa zana yoyote ni hili: mwenyekiti akiamua kumwongezea msemaji dakika mbili, je, uamuzi huo utawafikia wote wanaohusika kwa wakati mmoja, bila mtu kupaza sauti wala kupanda jukwaani? Kinachoweza hilo kinafaa. Kisichoweza, hata kiwe kizuri namna gani, hicho ni saa ya mtu mmoja iliyowekwa mahali pa wengi kuiona.

Ninalisema hili kwa sababu nawaonea huruma wasemaji. Mtu amejiandaa wiki nzima, anapanda jukwaani, halafu anakatwa katikati ya hoja yake kuu kwa sababu skrini iliyo mbele yake inaonyesha dakika nne na ya mwenyekiti inaonyesha moja. Jambo hili linaepukika, na dawa yake ni kuchagua vizuri mapema, maana siku ya tukio hakuna nafasi ya kurekebisha.

Nani anatazama, nani anashika

Kabla ya kufungua kivinjari, chukua karatasi uwaandike wote watakaohitaji kuona muda. Msemaji aliye jukwaani. Mwenyekiti wa kikao. Mshereheshaji. Mafundi wa sauti na wa picha. Msemaji anayefuata, ambaye muda huo yuko pembeni anavalishwa maiki. Msemaji aliye mbali, anayezungumza kwa Zoom au programu nyingine. Wakalimani nao; hawa husahaulika mara nyingi, ilhali hupokezana kila baada ya dakika 20 hadi 30 hivi, na wakijua msemaji amebakiza kiasi gani wanaweza kupanga nani amalizie.

Utaona haraka kwamba watu hawa hawahitaji kitu kimoja. Msemaji anataka namba moja kubwa na rangi, basi. Ukimwekea na ratiba ya siku nzima, macho yake yataanza kuisoma huku mdomo unaendelea kuzungumza. Mwenyekiti anataka namba hiyohiyo pamoja na jina la anayefuata. Fundi anataka ratiba yote, na anataka kujua tumechelewa au tumewahi kwa dakika ngapi. Hadhira kwa kawaida haihitaji kuona chochote, isipokuwa wakati wa mapumziko. Kwa hiyo tafuta zana inayotoa sura kadhaa za saa moja, kila sura ikiwa na kiungo chake. Stagetimer hufanya hivyo kwa kivinjari kupitia intaneti. Ontime, ambayo ni programu huria, hufanya hivyo pia, nayo unaweza kuiendesha kwenye kompyuta yako mwenyewe. Zipo nyingine, na mpya huzaliwa kila mara, ndiyo maana naona ni bora ujue namna ya kuzipima kuliko kukariri majina.

Sasa mikono. Hapa ndipo zana nyingi za bure zinapoanguka. Baadhi hutoa kiungo kimoja tu kwa wote: anayekifungua anaona saa, na pia anaona kitufe cha kuanzisha, kusimamisha na kurudisha mwanzo. Kwenye kikao kimoja cha mseto nilichohudumia, mwandaaji alikuwa amebandika kiungo cha namna hiyo kwenye gumzo ili wasemaji wa mbali waone muda. Mshiriki mmoja, bila nia mbaya yoyote, aligusa skrini ya simu yake, na msemaji aliyebakiza dakika mbili akajikuta amerudishiwa kumi na tano. Alizitumia zote, na hakuwa na kosa, kwa kuwa aliamini alichoonyeshwa.

Hivyo kiungo cha kutazama na kiungo cha kuongoza lazima viwe tofauti, na cha kuongoza kiwe na nenosiri au angalau kisiweze kukisiwa kutokana na kile cha kutazama. Lijaribu hili mwenyewe: fungua kiungo cha kutazama kwenye dirisha la faragha, ambako hujaingia kwa akaunti yako, ukague kila kitufe kinachoonekana. Usitosheke na ahadi ya maelezo ya zana.

Pia uliza kama watu wawili wanaweza kushika uongozi kwa wakati mmoja. Mimi husisitiza wawe wawili, mmoja akiongoza na wa pili akiwa amefungua ukurasa uleule pembeni bila kugusa kitu. Kompyuta ya kwanza ikizima, wa pili anaendelea sekunde hiyohiyo. Zana inayomfukuza wa kwanza pindi wa pili anapoingia inaweza kukuponza wakati mbaya kabisa.

Saa zinapatana vipi

Ukilielewa hili, utaweza kuipima zana yoyote kwa dakika chache.

Kuna njia mbili kuu za kufanya skrini kumi zionyeshe namba moja. Ya kwanza ni seva kutuma namba kila sekunde: sasa ni 4:31, sasa ni 4:30. Njia hii inategemea mtandao usiosuasua hata kidogo. Ujumbe mmoja ukichelewa, saa inaganda. Ukifuatiwa na mingine mitatu kwa pamoja, namba zinaruka. Ya pili ni seva kutuma habari moja tu, kwamba kikao hiki kinaisha saa fulani na sekunde fulani, kisha kila simu na kila kompyuta ikajikokotolea yenyewe muda uliobaki. Njia hii ya pili ni imara zaidi, kwani ujumbe unahitajika pale tu kinapobadilika kitu: umesimamisha, umeongeza, umeanzisha kingine.

Ila njia hiyo ina mtego wake. Simu ikikokotoa kwa kutumia saa yake yenyewe, na saa hiyo iko mbele kwa dakika mbili, msemaji atanyang'anywa dakika mbili. Vifaa vingi siku hizi hujisahihisha kwa mtandao, kwa NTP, itifaki ya kulinganisha saa za kompyuta ambayo mwanasayansi wa kompyuta David Mills aliifanyia kazi tangu miaka ya 1980, na bado utakutana na kompyuta ya ukumbi ambayo mtu aliiwekea saa kwa mkono na haijaguswa tena. Zana nzuri hulinganisha saa ya kifaa na saa ya seva mara tu ukurasa unapofunguka, kisha hufidia tofauti.

Kipimo chake ni rahisi. Chukua simu, zima saa ya kujiweka yenyewe, isogeze mbele dakika tatu, ndipo ufungue kiungo cha kutazama. Iweke kando ya kompyuta yenye saa sahihi. Namba zikilingana, au zikipishana kwa chini ya sekunde moja, zana hiyo imeundwa na mtu anayeijua kazi. Zikipishana kwa dakika tatu, achana nayo. Ukimaliza, rudisha saa ya simu ilivyokuwa.

Kipimo cha pili kinahusu vichupo (tab za kivinjari) vilivyofichwa. Vivinjari hupunguza kasi ya kurasa zisizoonekana ili kuokoa chaji. Chrome, tangu toleo la 88 la mwaka 2021, inaweza kuuruhusu ukurasa uliofichwa kwa zaidi ya dakika tano kuamka mara moja tu kwa dakika. Zana iliyoandikwa kwa kupunguza moja kila inapoamka itabaki nyuma kabisa. Ile inayosoma saa na kukokotoa upya itajirekebisha papo hapo ukirudi kwenye kichupo. Basi anzisha kipima muda, funika kichupo kwa kingine, subiri dakika saba au nane, rudi, ulinganishe na skrini ambayo haikufunikwa. Nakusihi usikiruke kipimo hiki, kwa sababu siku ya tukio kompyuta ya jukwaani ndiyo hiyohiyo inayofungua slaidi, na kichupo cha muda lazima kitafunikwa wakati fulani.

La tatu ni skrini kujizima. Kurasa za wavuti zinaweza kuiomba simu isilale. Chrome inaruhusu hilo tangu 2020, Safari tangu toleo la 16.4 la 2023, Firefox tangu toleo la 126 la 2024. Simu ya zamani zaidi ya hapo italala tu, na hata mpya inaweza kulikataa ombi chaji ikiwa ndogo. Kwa hiyo hata kama zana inasema inalishughulikia hilo, ingia kwenye mipangilio ya kila simu au tableti itakayokaa jukwaani, zima kujifunga kwa skrini, zima arifa, uichomeke kwenye umeme.

Intaneti ikikatika

Itakatika, kwa hiyo jambo la kujua ni skrini ya msemaji itafanya nini ikikatika. Nimeona namna tatu. Kuna zinazoganda kwenye namba ya mwisho, na hizo ndizo mbaya kuliko zote, maana namba iliyoganda inafanana na namba ya kweli na msemaji hatazami kila sekunde. Kuna zinazogeuka nyeusi au kuandika kwamba muunganisho umepotea, na hizo angalau hazidanganyi. Na kuna zinazoendelea kuhesabu kwa kile zinachokijua huku zikiweka alama ndogo pembeni kuonyesha kwamba hazipokei mabadiliko. Chagua za namna hii ya tatu.

Namna ya kujua: anzisha saa, iweke simu ya kutazama kwenye hali ya ndegeni, subiri dakika moja, kisha ongeza dakika mbili kutoka kwenye ukurasa wa kuongoza. Rudisha mtandao kwenye simu. Inapaswa kuzichukua zile dakika mbili yenyewe, bila wewe kuufungua ukurasa upya. Kama inakulazimu kuufungua upya, jiulize nani atapanda jukwaani kuugusa wakati mgeni rasmi anahutubia.

Kumbi zenye intaneti dhaifu zinanifanya nipende zana zinazoweza kukaa ndani ya ukumbi wenyewe. Ontime, kwa mfano, ukiifungua kwenye kompyuta moja, vifaa vingine vyote kwenye mtandao huohuo vinaifikia kwa anwani ya kompyuta hiyo, hata kama intaneti ya nje haipo kabisa. Ila kuna jambo litakalokukwamisha usipolijua: mitandao ya wageni ya kumbi na hoteli nyingi imepangwa ili vifaa visionane, kwa ajili ya usalama. Simu yako ina intaneti, kompyuta yako ina intaneti hiyohiyo, lakini hazizungumzi. Utahangaika ukidhani zana imeharibika. Suluhisho ni kuja na ruta yako ndogo. Haihitaji bando wala laini, kazi yake ni kuviunganisha vifaa vyako tu. Na ile skrini muhimu kuliko zote, ya msemaji, iunganishe kwa kebo ya HDMI moja kwa moja na kompyuta inayoongoza, usiiachie hewa.

Kama vikao vyako ni vya ukumbini tu, havina wasemaji wa mbali, na mwandaaji ana fedha, vipo pia vipima muda vya vifaa halisi, kama Limitimer ya DSan, vyenye taa za kijani, njano na nyekundu na nyaya zake. Vinaonekana vya kizamani, na nyaya zinachosha kutandaza, lakini havijui kukatika kwa intaneti ni nini. Navipendekeza bila kusita kwa mikutano ya kisheria na mijadala ya wagombea, ambako sekunde kumi zinaweza kuzua malalamiko.

Baada ya sifuri

Wengi huichunguza zana hadi inapofika sifuri, wakaishia hapo. Mimi ndipo ninapoanza kuichunguza kwa makini. Ikifika sifuri, inafanyaje? Ikilia kengele kwenye spika za ukumbi, iondoe kwenye orodha isipokuwa unaweza kuizima sauti hiyo. Ikisimama kwenye 0:00, umepoteza habari unayoihitaji kuliko zote, yaani msemaji amekula muda kiasi gani. Inatakiwa iendelee kwa namba hasi, 0:45 zaidi, 1:10 zaidi, kwa rangi isiyofanana na ile ya mwanzo. Mwenyekiti akiiona dakika moja ya ziada hutabasamu. Akiiona ya nne husimama. Bila namba hiyo anabaki kukisia, na akikisia huwaonea wanyonge na kuwaachia wenye vyeo.

Ikifika sifuri isikianzishe kikao kinachofuata yenyewe. Zana nyingi zina chaguo hilo na mara nyingine limewashwa tangu mwanzo. Lizime. Msemaji wa pili anahitaji kutembea, kuunganisha kompyuta, kusalimia. Dakika zake zianze anapofungua kinywa, na hilo linahitaji kidole cha mtu anayemtazama.

Halafu kuna kusimamisha. Warusha roketi wa NASA wana saa mbili kwa sababu hii: ile ya T husimama katika vituo vilivyopangwa ili kazi zikamilike, na ile ya L huendelea kutembea kuelekea saa halisi ya kurusha. Kikao chako kina saa hizo mbili pia. Projekta ikizima, unasimamisha saa ya msemaji kwa sababu si haki kumlipisha hitilafu ya ukumbi, lakini saa ya ratiba haisimami, na chakula cha mchana kinabaki palepale. Kwa hiyo angalia: ukisimamisha kipima muda kwa dakika tatu, je, sura ya fundi inaonyesha kwamba siku imesogea nyuma kwa dakika tatu, na vikao vinavyofuata vimesogezwa saa zake? Zana inayoonyesha hivyo inakuwezesha kumwambia mwenyekiti, kabla hajauliza, kwamba tumechelewa dakika sita na tukipunguza maswali ya kikao cha nne tutarudi kwenye ratiba. Mimi nikiwa na habari hiyo mkononi, siku nzima inakwenda kwa utulivu.

Kuongeza na kupunguza lazima kuwezekane saa ikiwa inatembea, kwa kitufe kimoja cha dakika moja au sekunde thelathini. Kama zana inakulazimisha kusimamisha, kuandika muda mpya na kuanzisha tena, utakosea tu mbele za watu. Wanaopenda vitufe halisi wanaweza kuunganisha Ontime au Stagetimer na Stream Deck, kibao cha vitufe unavyovipangia kazi mwenyewe, kupitia programu ya Companion ya Bitfocus. Kidole kikijua kitufe kilipo, macho yanabaki jukwaani.

Jambo jingine dogo lenye uzito: kuhesabu muda na kuhesabu kuelekea saa fulani ni vitu viwili. Msemaji apewe dakika 20 zake, hata akianza amechelewa. Mapumziko yahesabiwe kuelekea saa halisi, kwa mfano 16:30, ili aliyetoka amechelewa asidhani ana robo saa nzima. Kama wapo washiriki wa nchi mbalimbali, hakikisha zana inashika saa za eneo la tukio, isifuate zile za kompyuta ya aliyetengeneza ratiba.

Rangi, herufi na ujumbe

Hapa nitapita haraka. Mipaka ya rangi uweze kuiweka mwenyewe kwa kila kikao. Kwenye hotuba ya kawaida ya dakika 5 hadi 7 ya Toastmasters, klabu za kujifunza kuhutubia, kijani huwaka dakika ya 5, njano ya 6, nyekundu ya 7. Katika Mahakama ya Juu ya Marekani, taa nyeupe humwashia wakili dakika tano kabla ya mwisho, na nyekundu muda ukiisha. Shindano la Three Minute Thesis, la wanafunzi kueleza utafiti wao kwa dakika tatu, lililoanzia Chuo Kikuu cha Queensland mwaka 2008, humwondoa anayezidisha dakika tatu. Zana inayogeuka njano zikibaki dakika tano, bila kukuruhusu kubadilisha, itakuwa njano tangu mwanzo hadi mwisho wa hotuba ya dakika tatu. PechaKucha, mtindo wa kuwasilisha mada wenye slaidi 20 za sekunde 20 kila moja, inajipima yenyewe, hivyo saa yako ibaki kwa maswali tu.

Rangi pekee hazitoshi. Wapo wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani, wengi wao wanaume, kwa kuwa jeni zinazohusika ziko kwenye kromosomu ya X. Namba iongezewe neno, au mandhari yote ibadilike badala ya tarakimu tu. Kumeta kuwe kwa polepole. Miongozo ya WCAG, ya kufanya kurasa za wavuti zitumike na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, inataka kitu kisimete zaidi ya mara tatu kwa sekunde moja, kwa ajili ya wenye kifafa kinachochochewa na mwanga. Tarakimu ziwe na upana sawa ili 1:11 isirukeruke ikigeuka 1:10. Kwa ukubwa, kanuni ya waandika mabango inatosha: sentimita 2.5 za urefu kwa kila mita 3 za umbali, nami huzidisha mara mbili, kwa sababu msemaji hasomi, anatupa jicho tu.

Ujumbe wa maandishi kwa msemaji ni kitu ninachokithamini sana. “Sogea karibu na maiki.” “Maswali mawili tu.” “Slaidi haionekani mtandaoni.” Uwe mfupi kiasi cha kusomwa kwa jicho moja, na uweze kuondolewa kwa kitufe kimoja. Zana yenye ujumbe inakuondolea kazi ya kupunga mikono kutoka safu ya mwisho.

Walioko mbali

Msemaji wa mbali usimtegemeze saa iliyo ndani ya picha ya matangazo. Matangazo ya moja kwa moja huchelewa. YouTube yenyewe inakupa kuchagua kati ya ucheleweshaji wa kawaida, mdogo na mdogo zaidi, na hata huo mdogo zaidi ni sekunde kadhaa. Mpe kiungo chake cha kutazama, tena kwa msimbo wa QR ili akifungue kwa simu, na umwombe aisimamishe simu hiyo nyuma kidogo ya kamera, usawa wa macho. Akitazama muda ataonekana anawatazama watu.

Kama fundi anatumia OBS au vMix, programu za kuchanganya na kurusha picha, na unataka saa ya mapumziko ionekane kwenye matangazo, uliza kama zana inaweza kutoa ukurasa usio na mandhari, utakaowekwa juu ya picha kama chanzo cha kivinjari. Wanaotazama mtandaoni na wanaotazama skrini ya ukumbini watapishana kidogo, na kwa mapumziko haidhuru.

Bei na mipaka

Toleo la bure la zana nyingi huweka mpaka kwenye idadi ya vifaa vinavyounganishwa kwa pamoja. Rudi kwenye karatasi yako ya mwanzo, hesabu kila skrini, ongeza mbili za akiba, ndipo uangalie kama bure inatosha. Kama haitoshi, malipo ya mwezi mmoja huwa nafuu kuliko ya mwaka kwa mwenye tukio moja. Usianze kutumia toleo la bure kisha ukalipia asubuhi ya tukio. Lipia mapema, ufanye mazoezi na kilekile utakachokitumia. Na kama majina ya wasemaji au mada nyeti zimo kwenye ratiba, kumbuka kwamba yeyote mwenye kiungo anaisoma.

Mazoezi na siku yenyewe

Ukishachagua, fanya zoezi moja ukumbini kwenyewe, na vifaa vyenyewe, na mtandao wenyewe. Endesha vikao vitatu vya dakika mbili. Katika cha kwanza ongeza muda. Katika cha pili zima kompyuta inayoongoza ghafla, mwenzako apokee. Katika cha tatu kata intaneti na uache kihesabu hadi dakika moja baada ya sifuri. Simama mahali pa msemaji utazame, tena na taa za jukwaa zikiwa zimewashwa, kwa sababu mwanga wa jukwaa hufifisha skrini iliyolala sakafuni. Kaa kwenye kibanda cha wakalimani utazame pia.

Weka akiba isiyotumia umeme: kadi nne za karatasi ngumu zilizoandikwa 5, 2, 1 na MWISHO, mkononi mwa mtu aliyeketi safu ya kwanza ambaye pia ameanzisha saa ya kawaida kwenye simu yake. Asizinyanyue ila umempa ishara.

Kisha waandikie wasemaji, siku mbili au tatu kabla. Zana bora haitasaidia kama msemaji anadhani dakika 20 ni za hotuba na mwenyekiti anadhani zinajumuisha maswali. Mimi hupenda kuvigawa viwe vipima muda viwili, hotuba na maswali, kila kimoja na rangi zake, na ujumbe ninaotuma ni kama huu:

“Habari. Una dakika 15 za hotuba, kisha dakika 5 za maswali zitakazohesabiwa peke yake. Saa iko sakafuni mbele yako, kidogo upande wa kushoto. Itaanza utakaposema neno la kwanza, si unapotembea kuja jukwaani. Itakuwa ya njano zikibaki dakika 3 na nyekundu ikibaki 1. Ikipita sifuri itaendelea kuhesabu, na mwenyekiti atasimama baada ya dakika moja. Kukitokea hitilafu ya ukumbi tutaisimamisha na muda wako hautapungua. Ukitaka kuizoea, fungua kiungo hiki sasa hivi; ndicho hichohicho utakachokiona siku hiyo.”